Mmoja Apige, Wote Wanyongwe?

Nazungumza nanyi nyote mnaonisikiliza hapa Nyangoto, Kewanja, Matongo, Kerende na Nyamwaga, pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Vijana mliotoka kazini na vumbi la mawe bado liko nguoni, poleni na kazi. Vijana hasa ndio ninaowaomba mkae karibu na redio jioni ya leo.

Nataka tuzungumze juu ya mtu aliyekuwepo mahali mwenzake alipoua. Yeye hakupiga panga wala hakufyatua risasi. Alikwenda na kundi, akasimama pale, pengine alishika tochi, pengine aliziba njia. Mtu amekufa. Sheria ya nchi yetu inasema huyu naye, akitiwa hatiani kwa mauaji, adhabu yake ni kunyongwa hadi afe, sawasawa na yule aliyepiga. Miaka 2 hapana, miaka 30 hapana, kifungo cha maisha nacho hapana. Ni kitanzi.

Mkazi wa Tarime hahitaji kufikiri sana kuliona jambo hili. Saa nane za usiku linapigwa yowe: ng'ombe wamechukuliwa. Kwetu yowe halisikilizwi kitandani. Kijana asiyetoka ataulizwa kesho yake alikuwa wapi, na pengine sungusungu watamtoza faini. Anachukua rungu, anakimbia gizani anakosikia sauti za wenzake. Anapofika, mtu yuko chini. Wa kwanza kufika wameshampiga, wengine bado wanapiga, na wengine wamesimama kuzunguka. Kijana naye anasimama. Labda anapiga mara moja mguuni ili asionekane mwoga. Labda hapigi kabisa. Asubuhi polisi wanaukuta mwili, na majina yanaanza kutajwa. Yanatajwa majina ya waliotambuliwa. Hayo si lazima yawe ya waliopiga, kwa sababu mara nyingi aliyepiga pigo la kuua ni mwepesi wa miguu, na wakati huo ameshavuka mpaka pale Sirari kuingia Kenya. Anayebaki kijijini ni yule anayeamini kwamba hana kosa.

Kanuni ya Adhabu, ambayo ni Sura ya 16 ya sheria zetu, ina vifungu viwili vya kujua hapa. Kifungu cha 22 kinasema anayetenda kosa, anayemsaidia mtendaji, na anayemshawishi au kumtuma, wote wahesabiwe kuwa wametenda. Kifungu cha 23 ndicho cha nia ya pamoja: watu wawili au zaidi wakiungana kufanya jambo baya, na katika kulifanya likatokea kosa ambalo lilitarajiwa kutokea kutokana na jambo lile, basi kila mmoja amelitenda. Mkienda watano kupora duka na mmoja wenu akamuua mlinzi, wote watano mnaweza kusimama kizimbani kwa mauaji.

Mimi sipingi vifungu hivyo viwili, na naomba nieleweke mapema. Mara nyingi anayestahili lawama kubwa kuliko wote ni mtu ambaye hakufika kabisa mahali pa tukio. Tajiri anayetoa fedha mtu auawe, huku yeye akinywa soda mjini, hawezi kuachwa eti kwa sababu mikono yake haina damu. Sheria ingemwangalia mshika panga peke yake, mshika fedha angelala usingizi wa amani kila siku. Kwa hiyo sheria inafanya vizuri kuwafuata washiriki.

Taabu inakuja kwenye kifungu cha 197. Hicho kinasema aliyetiwa hatiani kwa mauaji atahukumiwa kifo, basi. Kifungu cha 26 kinaeleza namna yake, kwamba ni kunyongwa. Jaji akishasema mshtakiwa ana hatia ya mauaji, hana tena la kuchagua.

Ukihudhuria kesi ya mauaji Mahakama Kuu utaliona jambo hili kwa macho yako. Jaji anamaliza kusoma hukumu, anatamka kwamba mshtakiwa ana hatia. Kisha anamuuliza wakili wa utetezi kama ana la kusema kabla ya adhabu. Wakili anasimama, anafunga kitufe cha koti, anasema mteja wake ni mkosaji wa mara ya kwanza, ana mke na watoto wadogo, ana mama mzee anayemtegemea, amekaa mahabusu miaka kadhaa. Jaji anayaandika yote kwa kalamu, polepole, neno kwa neno. Kisha anainua uso na kusema kwamba amesikia, lakini kwa kosa hili adhabu ni moja tu. Mama yule mzee yuko pale kwenye benchi la nyuma na kanga yake, na hajui kwamba maneno yote aliyoombewa mwanawe hayakuwa na mahali pa kwenda. Kesi za wizi wa kuku zina nafasi ya huruma. Kesi ya uhai wa mtu haina.

Sasa niwakumbushe kesi ambayo nchi nzima iliifuatilia. Tarehe 14 Januari 2006, Dar es Salaam, watu wanne walikamatwa na polisi: wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Morogoro, na dereva wa teksi aliyekuwa amewabeba. Sisi wa hapa Nyamongo, penye mgodi, tunajua maana ya mtu kusafiri na fedha ya madini hadi mjini. Siku ile wote wanne waliuawa. Polisi walitangaza kwamba ni majambazi, na kwamba wamekufa katika majibizano ya risasi. Ndugu zao wakakataa. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na ikabainika kwamba hapakuwa na majibizano yoyote. Watu wale walipelekwa msitu wa Pande, nje ya jiji, wakapigwa risasi huko.

Waliofikishwa mahakamani ni polisi, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa. Lakini askari mmoja hakuwepo kizimbani. Koplo aliyetajwa katika ushahidi kuwa ndiye aliyefyatua risasi alikuwa ameshatoroka. Tarehe 17 Agosti 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu akamwachia huru Zombe na wenzake wanane. Aliona kwamba wauaji hasa hawakuletwa mbele yake, na akataka watafutwe. Watu walilia, wengine wa furaha, wengine wa uchungu.

Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufaa. Tarehe 16 Septemba 2016, miaka zaidi ya kumi baada ya mauaji, Mahakama ya Rufani ikatoa uamuzi. Zombe huru. Wengine huru. Mmoja tu akatiwa hatiani: Christopher Bageni, ofisa wa upelelezi wa Kinondoni. Mahakama iliridhika kwamba alikuwepo Pande na alikuwa kiongozi wa msafara ule. Hakuna aliyesema kwamba yeye ndiye aliyefyatua risasi. Lakini kwa kuwa kosa ni mauaji, na kifungu ni cha 197, akahukumiwa kunyongwa hadi kufa. Mtu aliyeingia mahakamani asubuhi ile akiwa ameishi uraiani miaka saba tangu aachiwe alitoka akiwa na hukumu ya kifo.

Tangu siku ile watu hawajaacha kubishana. Wako wanaosema amepata alichostahili, kwa kuwa kiongozi anayeshuhudia raia wasio na silaha wakiuawa na vijana wake, asiwazuie, ana dhambi kuliko kijana aliyetii. Wako wanaosema ni ajabu mtu wa katikati anyongwe wakati wa juu yake ameachiwa na wa chini yake hakukamatwa. Mimi sikukaa kwenye kiti cha majaji wale na siwezi kuwafundisha kazi yao. Jambo linalonisumbua ni kwamba sheria iliwapa milango miwili tu, kitanzi au nyumbani. Kwa watu wote waliokuwa na sehemu fulani katika safari ile ya Pande, anayejua kila kitu na anayejua nusu, anayeamuru na anayeendesha gari, mahakama haikuwa na kipimo cha kati kwa kosa hilo la mauaji.

Fikirini upande wa wafiwa pia. Familia za wale wanne waliouawa Pande zilipata nini? Watu wanadhani kitanzi ni kwa ajili ya kuwafariji wafiwa. Lakini jaji anapojua kwamba akisema "ana hatia" mtu huyu anakufa, na mikono ya mtu huyu haikushika bunduki, naamini moyo wake unazidi kuwa mzito, na shaka ndogo inakua kubwa. Ni binadamu. Matokeo yake mshiriki anayestahili miaka 15 gerezani anaweza kurudi nyumbani bila hata siku moja, na wafiwa wanakutana naye sokoni. Adhabu inayotisha kupita kiasi inawaumiza wafiwa vilevile.

Kwa upande mwingine, ushahidi katika kesi za kundi una matatizo yake. Aliyeona ni nani? Mara nyingi ni mtu aliyekuwemo. Sheria ya Ushahidi inamruhusu mshiriki atoe ushahidi dhidi ya wenzake, na mahakama zetu zimekuwa zikionya kila mara kwamba ushahidi wa namna hiyo unahitaji kuungwa mkono na mwingine. Maana aliyeshiriki ana sababu ya kujisafisha kwa kumpaka mwenzake. Hapa kwetu, ukiongeza ugomvi wa koo, mashamba na fidia za mgodi, jina la mtu linaweza kuingia kwenye orodha kwa sababu ambazo hazina uhusiano na maiti. Akishaingia, na akashindwa kujitetea vizuri, hakuna adhabu ndogo ya kumtenga na kosa la wengine.

Kuna kitu kimoja katika sheria hii ambacho kila nikikisoma nasimama. Sheria yenyewe imekubali kwamba si kila muuaji anyongwe. Mwanamke mjamzito hanyongwi, anafungwa maisha. Aliyekuwa hajatimiza miaka 18 alipotenda kosa hanyongwi. Kwa hiyo Bunge lilikubali kumtazama mtu na hali yake. Limetazama mimba na limetazama umri. Halikutazama mtu alifanya nini hasa usiku ule.

Wala hili si jambo jipya. Mwaka 1994, Dodoma, Jaji James Mwalusanya alitamka katika kesi ya Mbushuu na mwenzake Sangula kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba. Ilikuwa hukumu ya kishujaa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hii ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Hapo ndipo tulipokwama. Wakili Jebra Kambole alikipeleka kifungu cha 197 Mahakama Kuu, na mwaka 2019 akaambiwa suala hilo lilishaamuliwa.

Mwaka huohuo, tarehe 28 Novemba, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, hapahapa Tanzania, iliamua kesi ya Ally Rajabu na wenzake. Ikasema kumlazimisha jaji kutoa kifo bila kumwachia nafasi ya kupima ni kuvunja haki ya kuishi. Ikaitaka Tanzania iondoe ulazima huo katika sheria ndani ya mwaka mmoja, na wale walioshtaki wasikilizwe upya kuhusu adhabu. Wiki moja kabla ya hapo serikali yetu ilikuwa imewasilisha barua ya kujiondoa katika tamko linaloruhusu raia kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile. Nilihuzunika sana. Desemba 2022 mahakama hiyohiyo ikasema tena jambo lilelile katika kesi ya mwanamke aliyekuwa akisubiri kunyongwa katika gereza la Butimba, Mwanza. Butimba, wasikilizaji, wengi wenu mnapajua. Kuna watu wa mkoa huu wako kule.

Sasa twendeni Sirari. Ukivuka pale uko Isebania, Kenya. Ni watu walewale, Wakurya walewale, shemeji na wajomba. Yowe linalopigwa upande huu husikika upande ule. Sheria ya nia ya pamoja wanayo kama yetu, maana zote mbili tuliachiwa na mkoloni mmoja. Lakini tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Francis Muruatetu na mwenzake, iliamua kwamba ulazima wa kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Kifo bado kimo katika sheria yao, ila jaji anasikiliza maombi ya kupunguziwa adhabu, na anaweza kutoa kifungo kulingana na sehemu ya kila mtu. Kwa hiyo vijana wawili wa ukoo mmoja, waliosimama katika kundi la namna moja, mmoja anayehukumiwa Migori anaweza kupewa miaka, na mwingine anayehukumiwa Musoma lazima apewe kitanzi. Kinachowatenganisha ni jiwe la mpaka.

Uganda walitangulia. Januari 2009 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Susan Kigula na wafungwa wenzake zaidi ya 400. Kigula alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002 pamoja na mfanyakazi wake wa nyumbani, kwa mauaji ya mwenzi wake. Mahakama ikafuta ulazima wa kifo, na ikasema anayekaa miaka mitatu bila kunyongwa baada ya rufaa yake kwisha, adhabu igeuke kifungo cha maisha. Kigula akarudishwa kwa jaji apimwe upya, akapewa miaka 20. Gerezani alisoma sheria kwa masafa katika Chuo Kikuu cha London, na Januari 2016 akatoka. Uganda haikubomoka.

Najua mtu atasema: "Bwana mtangazaji, mbona siku hizi hawanyongwi?" Ni kweli. Tangu katikati ya miaka ya tisini nchi hii haijamnyonga mtu. Rais Mkapa aliwapunguzia adhabu wafungwa wengi waliohukumiwa kifo mwaka 2002, Rais Kikwete akafanya hivyo mwaka 2006. Rais Magufuli alisema hadharani mwaka 2017, mbele ya Jaji Mkuu, kwamba hawezi kusaini mtu anyongwe, na Desemba mwaka huo akawasamehe 61. Lakini nauliza: kama Marais wetu kwa zaidi ya robo karne hawataki kusaini, kwa nini tunamlazimisha jaji aandike? Na yule aliyeko gereza la Butimba, Isanga au Ukonga, je, anaishi vipi? Kila Rais mpya anapoapishwa anasubiri kujua moyo wake. Huruma ya Rais ni jambo jema, lakini inategemea Rais ni nani. Haki ya mtu inatakiwa iwe kwenye sheria, tangu siku ya kwanza mahakamani, kwa jaji aliyewasikia mashahidi na kuwaona nyuso.

Wazee wataniambia kwamba vitisho vinahitajika Mara, kwamba huku watu wamezoea damu, mapigano ya koo yamekula vijana wengi. Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini kitanzi kimo katika sheria yetu tangu enzi za Mwingereza, na mapigano ya koo yalikuwepo muda wote huo. Kijana anayekimbilia yowe gizani hawazi kifungu cha 197. Hakijui. Ndiyo maana nakitaja mara nyingi jioni ya leo.

Kwa hiyo nina maneno mawili. Kijana, ukisikia yowe, nenda, maana jirani ni jirani. Ukikuta mtu ameshakamatwa, zuia asipigwe, au ondoka upesi na upige simu kwa mwenyekiti au polisi, na uwe na mtu wa kushuhudia kwamba ulifanya hivyo. Kusimama tu na kutazama kunaweza kukugharimu shingo. Na mwenye ndugu aliyehukumiwa kifo asikae kulia nyumbani: taarifa ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani inatakiwa itolewe ndani ya siku 30, na ofisa wa gereza husaidia kuiandika.

La pili ni kwa wote. Sisemi wauaji waachiwe, wala siombi leo kitanzi kiondolewe kabisa, ingawa mimi binafsi ningefurahi kikiondoka. Naomba jambo dogo ambalo Kenya na Uganda wameshalifanya: jaji aruhusiwe kuuliza kila mmoja alifanya nini, kisha atoe adhabu inayolingana. Hilo linahitaji Bunge kubadilisha kifungu kimoja. Wabunge wa Tarime na Serengeti huja kwenye mikutano yetu, nasi huwauliza habari za maji, barabara na fidia za mgodi. Mkutano ujao simameni muwaulize na hili, na mtaje kifungu kwa namba yake: 197, Kanuni ya Adhabu.